Bakteria wa saileji wamfikie mwenye nepia

Kakamega haina uhaba wa nyasi. Uhaba wake ni wa nyasi za Januari. Mvua inayonyesha hapa kwa mwaka ni kati ya milimita 1,200 na 2,200 kutegemea eneo, na kuanzia Aprili hadi Juni nepia hurefuka upesi kuliko ng'ombe wawili wa boma wanavyoweza kuila. Isipokatwa kwa wakati, shina linakuwa gumu kama kuni, majani ya chini yanakauka, na lishe iliyokuwa na thamani inageuka kuwa uchafu wa zizini. Ikifika Januari, mkulima huyo huyo yuko barabarani akitafuta mzigo wa vilele vya miwa au mabua ya mahindi, maziwa yamepungua ndooni, na wachuuzi wa mjini wanategemea maziwa ya kutoka Nandi na Uasin Gishu. Dawa ya pengo hilo inajulikana tangu zamani: lishe ikatwe ingali laini, ishindiliwe pasipo hewa, na iachwe ichachuke iwe saileji. Ila saileji ya nepia ina sifa mbaya vijijini, na sifa hiyo haikuja bure. Ninachosema ni kwamba bakteria wa kuchachusha, wanaouzwa nchini kwa vipakiti, wanaweza kuondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, lakini biashara yao imeundwa kwa ajili ya mwenye shamba kubwa la mahindi, ambaye hawahitaji sana, na inampita mwenye nepia, ambaye ndiye anayewahitaji.

Saileji haitengenezwi na binadamu, inatengenezwa na bakteria. Lishe ikishafungiwa na hewa kwisha, bakteria wa asidi ya laktiki waliokuwa juu ya majani huanza kula sukari ya mmea na kutoa asidi. Asidi ikizidi, kipimo cha uchachu, ambacho wataalamu hukiita pH, hushuka hadi 4 hivi, na hapo hakuna kiumbe mwenye nguvu ya kuendelea kuozesha. Lishe inaweza kukaa hivyo mwaka mzima. Mwanakemia wa Finland, Artturi Virtanen, alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945 kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya njia yake ya kuhifadhi lishe kwa kumwagia asidi moja kwa moja, ili isisubiri bakteria. Nchi yake ina majira mafupi ya joto na nyasi mbichi zenye maji mengi, na mwenye ng'ombe wa huko hakuweza kubahatisha. Asidi ya viwandani ni hatari kwa mikono na ni ghali kwa mkulima wa Shinyalu au Lurambi, ila somo la Virtanen bado lina uzito: anayeshusha pH haraka ndiye anayeokoa lishe. Kila siku ya kuchelewa, vimeng'enya vya mmea vinaendelea kuvunja protini na kuigeuza kuwa amonia, na mkulima atalazimika kuirudisha protini hiyo kwa kununua chakula cha dukani.

Nepia inachelewa kwa sababu tatu zinazokutana mahali pamoja. Kwanza, kama nyasi nyingine za nchi za joto, haiweki sukari nyingi inayoyeyuka. Akiba yake huiweka kama wanga, na bakteria wengi wa laktiki hawawezi kuuvunja wanga. Pili, ikikatwa katika umri unaofaa, ikiwa na urefu wa mita moja hivi, zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ni maji. Vitabu vinashauri ianikwe nusu siku inyauke kabla ya kushindiliwa, ushauri mzuri kwa mahali penye jua la mchana, lakini Kakamega ya mwezi Mei mvua huanza kunyesha alasiri na nyasi zilizoanikwa hulowa kuliko zilivyokatwa. Tatu, bakteria walioko juu ya majani hawajachaguliwa na mtu. Wengine wanakula sukari na kuitoa sehemu yake kama hewa ya kaboni, na wengine, jamii ya klostridia, wanapenda hasa mahali penye maji na uchachu hafifu. Hao ndio wanaozalisha asidi ya butiriki, ile harufu ya siagi iliyooza inayoshika nguo na mikono hadi kesho yake, na lishe inayoteleza, yenye rangi ya kahawia iliyokolea, ambayo ng'ombe huinusa akageuza kichwa. Aliyefungua mfuko wa namna hiyo mara moja hawezi kulaumiwa akikataa kurudia.

Kipakiti cha bakteria kinaingilia sababu hiyo ya tatu. Ndani yake mna mabilioni ya bakteria hai waliokaushwa, mara nyingi Lactobacillus plantarum na jamaa zake, ambao kazi yao ni moja: kugeuza sukari kuwa asidi ya laktiki bila kupoteza chochote njiani. Kiwango cha kawaida ni bakteria 100,000 kwa kila gramu ya lishe, idadi inayotosha kuwazidi nguvu wale wa asili kabla hawajajipanga. Je, wanafanya kazi kweli? Mwaka 2017 jarida la Journal of Dairy Science lilichapisha uchambuzi uliounganisha matokeo ya majaribio mengi ya nchi mbalimbali, na jibu lake linafaa kusomwa polepole na kila anayeuza au kununua dawa hizi. Kwenye nyasi, za nchi za baridi na za nchi za joto, na kwenye mikunde, bakteria waliboresha uchachukaji: pH ilishuka, amonia na butiriki zikapungua. Kwenye mahindi, mtama na miwa hawakuleta tofauti ya maana. Mahindi yana sukari ya kutosha na maji ya kadiri, kwa hiyo yanachachuka vizuri yenyewe. Uchambuzi huo huo ulikuta kuwa ng'ombe waliolishwa saileji yenye bakteria walitoa wastani wa kilo 0.37 za maziwa zaidi kwa siku. Ni kiasi kidogo, kama vikombe viwili vidogo vya chai, na anayemwahidi mkulima ndoo ya pili anamdanganya.

Sasa tazama jinsi biashara ilivyo. Kipakiti kinachotosha tani 50 kinamfaa mwenye ekari nyingi za mahindi, trekta la kushindilia na shimo la zege. Mahindi hayo ndiyo ambayo ushahidi unasema hayahitaji sana bakteria. Kaunti hii ilikuwa na watu 1,867,579 kwenye sensa ya 2019, zaidi ya 600 kwa kila kilomita mraba, na familia nyingi hazifikishi ekari mbili za ardhi. Kwa familia ya namna hiyo, mahindi yanayokatwa mabichi kwa ajili ya ng'ombe ni ugali unaoondoka mezani. Lishe yake ni nepia iliyopandwa ukingoni mwa shamba na kwenye makinga maji, pengine pamoja na desmodiamu na brakiaria kwa wale waliofuata kilimo cha kusukuma na kuvuta kilichoenezwa na kituo cha utafiti cha ICIPE. Nepia na desmodiamu ni mimea ambayo bakteria huiboresha. Utafiti wa umma umeshatumia nguvu kubwa kwa mmea wenyewe: aina za nepia ziitwazo Kakamega 1 na Kakamega 2 zina jina la mji huu, na tangu ugonjwa wa kudumaa kwa nepia ulipotambuliwa Bungoma mwaka 1997 watafiti wamekuwa wakitafuta aina zinazouhimili. Itakuwa ajabu kupigania shina likiwa shambani halafu kuliacha lioze mfukoni.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko mengine, ni kwamba Kakamega ina molasi. Kaunti yenye viwanda vya sukari Mumias, Kabras na Butali ina sukari ya bei nafuu ya kumwagia nepia, na molasi ya asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa lishe imekuwa ikipendekezwa kwa miaka mingi. Nakubali, na naongeza kuwa bakteria peke yao kwenye nepia iliyolowa huenda wasifanye chochote, kwa sababu hata bakteria bora hawezi kutengeneza asidi pasipo sukari. Anayemuuzia mkulima kipakiti bila kumwambia habari ya molasi anamuuzia nusu ya kazi. Lakini molasi nayo ni nusu. Ni chakula, na chakula kikiwekwa mezani huliwa na kila aliyepo, klostridia wakiwemo. Tena molasi hupanda bei au kuadimika viwanda vinaposimama, kama ilivyotokea mwaka 2023 serikali iliposimamisha usagaji wa miwa kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa ilikuwa michanga, na hata viwanda vinaposaga mkulima hushindana nayo na wapishi wa chang'aa. Bakteria wanaotumia sukari bila kuipoteza humwezesha mkulima kufanya kazi na molasi chache anayoipata. Viwili hivi vinasaidiana, wala havishindani.

Wengine watasema tatizo ni uvivu wa kushindilia, si bakteria. Hapa sina ubishi. Nepia iliyokatwa vipande vya sentimita kumi haishikamani hata ikikanyagwa mchana kutwa. Inatakiwa vipande vya sentimita moja hadi mbili na nusu, vimwagwe mfukoni tabaka kwa tabaka na kukanyagwa kwa miguu hasa pembeni, mahali ambapo hewa hujificha, kisha mdomo wa nailoni ufungwe kwa kamba na mfuko uwekwe mbali na panya na kuku. Tundu moja la panya linatosha kuingiza ukungu. Hakuna bakteria anayeziba tundu, na mwenye shilingi za kununua kitu kimoja tu anunue nailoni nzito. Hata hivyo, hoja hii ikisukumwa mbali inakuwa kisingizio. Ukishashindilia vizuri nepia yenye maji mengi, umeondoa hewa, na klostridia hawahitaji hewa. Kwa hiyo ufundi wa kushindilia unamfikisha mkulima wa mahindi mwisho wa safari, huku mkulima wa nepia ukimwacha njiani.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha madukani, nalo ni aina ya bakteria. L. plantarum na wenzake wanaharakisha uchachukaji, lakini saileji iliyojaa asidi ya laktiki peke yake huharibika upesi ikipata hewa, kwa kuwa hamira na ukungu hula asidi hiyo. Mfugaji mkubwa hawaogopi sana. Anakata ukuta mzima wa shimo kila siku. Mfugaji wa ng'ombe wawili anatoa kilo 40 hivi kwa siku kutoka mfuko wa nusu tani, maana yake mfuko unabaki wazi karibu wiki mbili katika joto la Kakamega. Ukiingiza mkono siku ya tano ukahisi fukuto, chakula kinaungua bila moto. Bakteria mwingine, Lactobacillus buchneri, hugeuza sehemu ya asidi ya laktiki kuwa asidi ya asetiki, ile ya siki, ambayo hamira haiipendi, na lishe inakaa baridi siku nyingi zaidi baada ya kufunguliwa. Kasoro yake ni kwamba anafanya kazi polepole: mfuko unatakiwa kukaa umefungwa wiki sita hadi nane. Mkulima wa mifuko midogo anahitaji mchanganyiko wa wote wawili, na anahitaji lebo inayomwambia kwa lugha anayoisoma ni bakteria gani walio ndani, wangapi wako hai kwa gramu, mwisho wao ni lini, na wahifadhiwe katika joto gani. Sheria ya Mbolea na Vyakula vya Mifugo, Sura ya 345, imekuwepo siku nyingi, na Shirika la Viwango la Kenya lipo. Kudai lebo kamili ni haki ya mnunuzi yeyote.

Hofu ya kwamba hizi ni kemikali zitakazoingia kwenye maziwa ya watoto haina msingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu kule naoto, maziwa lala ya Wamaasai, ulikuta kuwa L. plantarum ndiye aliyekuwa mwingi kuliko bakteria wote wa jamii yake humo kibuyuni. Ni kiumbe ambaye Wakenya wamemnywa vizazi kwa vizazi. Hatari iko upande wa saileji mbovu: ukungu unaweza kuacha sumu kwenye lishe, na sumukuvu anayoila ng'ombe hupita hadi kwenye maziwa. Nchi iliyozika watu 125 mwaka 2004 kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu huko mashariki haina budi kuwa makini na kila kinachoota ukungu. Bakteria wazuri huuzuia ukungu, ila hawaondoi sumu iliyokwisha kutoka, kwa hiyo lishe yenye ukungu hutupwa hata kama ilinyunyiziwa.

Lipo pingamizi la gharama, nalo lina jibu la mpangilio kuliko la ruzuku. Ng'ombe wawili wakila kilo 20 za saileji kila mmoja kwa siku 60 za kiangazi, familia inahitaji kilo 2,400, hivyo ifungie tani tatu. Tuseme bila bakteria robo ya hizo tatu inapotea, na pamoja nao unapotea uzito wa asilimia 15. Tofauti ni kilo 300, chakula cha ng'ombe hao wawili kwa siku saba na nusu katika mwezi ambao mzigo wa nyasi una bei ya juu kuliko wakati wowote. Kwa tani tatu, kipakiti cha tani 50 ni hasara tupu, kwa sababu unga uliobaki ukishaingia unyevu umekufa. Familia kumi na sita zenye tani tatu kila moja zinakimaliza. Njia iliyo wazi, basi, ni bakteria wasafiri pamoja na mashine ya kukatakata nyasi. Ushirika ununue kipakiti, ukitunze kwenye friji pale palipo na tangi la kupozea maziwa, na siku mashine inapozunguka kijiji, fundi apime unga wa kila boma, auchanganye na maji asubuhi hiyo hiyo, na kunyunyiza wakati nyasi zinaanguka kutoka mashineni. Lita mbili za maji zinatosha tani moja. Maji yawe ya mvua au ya chemchemi, maana klorini nyingi ya mfereji huua bakteria hai, na pampu isiwe ile iliyobeba dawa ya magugu.

Na pale ambapo kipakiti hakifiki kabisa, kuna njia ya nyumbani inayostahili kupimwa. Watafiti wa Kijapani walieleza mwaka 1997 jinsi ya kuzidisha bakteria wa nyasi zenyewe, na wenzao wa Thailand wakaijaribu kwenye nyasi za nchi za joto: gramu 200 za nyasi mbichi zinasagwa kwa lita moja ya maji, zinachujwa, gramu 20 za sukari zinatiwa, chupa inafungwa siku mbili mahali pa joto, kisha maji yake yananyunyizwa, lita kumi kwa tani. Hapo bakteria hawajulikani kwa majina na matokeo yanabadilika, na usiku wa Kakamega una baridi kuliko wa Thailand. Ndiyo sababu kazi hii isiachiwe mkulima ajaribu peke yake. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini, kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko mjini, na Bukura ina chuo cha kilimo pamoja na shamba la kisasa la maziwa lililojengwa na kaunti. Kutafuta bakteria wa hapa wanaoipenda nepia ya hapa ni utafiti ambao taasisi hizi zinaweza kuufanya bila kusubiri mtu kutoka nje.

Ombi langu kwa idara ya mifugo ya kaunti ni dogo na linapimika. Nepia ya msimu ujao ya Bukura ifungiwe katika mifuko ya nusu tani ya namna nne: mitupu, yenye molasi, yenye bakteria, na yenye vyote viwili. Ifunguliwe baada ya miezi miwili mbele ya wakulima, ipimwe pH na joto, na lishe iliyotupwa ipimwe kwa mizani. Maziwa ya ng'ombe walioila yaandikwe kila siku, na gharama ya kila mfuko iwekwe wazi hadi shilingi ya mwisho, hata kama itaonyesha kuwa molasi peke yake inatosha. Matokeo yabandikwe kwenye ukuta wa kila kituo cha kukusanyia maziwa, kuanzia Likuyani hadi Khwisero, kabla mvua za Machi hazijaanza.